Picha ya Doa

Jumanne ile Bwana Bima alifungua mdomo mara tatu pale kaunta, na mara zote tatu Bi Doa aliufunga. Mara ya kwanza alimwambia foleni ni ndefu. Mara ya pili alimwambia pasi ya mvuke imeshachemka na yeye hana masikio ya akiba. Mara ya tatu alimpokonya koti mkononi, akabana kibandiko cha namba kwenye ukosi, akaiingiza namba kwenye kompyuta na kumwambia, "Limeingia. Njoo Jumatatu."

"Dada, ni jambo dogo tu. Dakika moja."

"Dakika yako naijua. Ina saa mbili ndani."

Foleni nzima ilicheka. Bwana Bima naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kununa, akamuaga mama yake Bi Doa, mama mzee aliyekuwa amekaa nyuma kwenye meza ya kuchambulia nguo, akaenda zake. Alikuwa na safari asubuhi yake.

Tusimlaumu Bi Doa haraka. Mwaka mzima mtu huyu, mteja wa mashati matano kila wiki, alikuwa akimhubiria bima ya mtandao. Duka lina bima ya moto, atasema, lina bima ya wizi na bima ya bomba kupasuka, lakini kila linachokijua kuhusu wateja wake kimo ndani ya kompyuta, na kompyuta haina hata mwavuli. Kisha atamalizia kwa kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Alilisema sana neno hilo, hadi mama mzee akawa anammalizia kule nyuma bila kuinua kichwa. Miezi minne iliyopita, Jumamosi moja yenye foleni iliyofika barabarani, Bi Doa alichoka. Alitia saini kwa kidole kwenye simu ya Bwana Bima ili mradi atoke mlangoni. Wengine hununua bima kwa sababu ya hofu. Yeye alinunua ukimya.

Mkataba ulikuja kwa barua pepe. Mdogo wake wa kiume, ambaye dukani anaitwa Injinia kwa kuwa ndiye anayejua waya gani unaingia wapi, aliuhifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo, katika faili la bima zote. Hakuna aliyeusoma. Bwana Bima aliuza bima za kampuni nne, na ungemtekenya Bi Doa asingeweza kukutajia ya kwake ni ipi.

Duka lenyewe lilikuwa la mama yao. Alilianza na karai moja na pasi ya mkaa, na juu ya kaunta aliandika kwa mkono wake, kwa rangi ya bluu, NGUO HAIPOTEI HAPA. Miaka thelathini maneno yale hayakumsuta. Bi Doa alipokabidhiwa aliweka mashine za kisasa, na miaka miwili iliyopita akaleta kompyuta na kupiga marufuku karatasi. Hakuna daftari wala risiti. Mzigo wa kila mteja unapewa namba moja, kila nguo inabanwa namba hiyo, na kompyuta ndiyo inayojua namba ni ya nani na simu yake ni ipi. Nguo zikiwa tayari, kompyuta inamtumia mteja ujumbe. Kazi ikawa nyepesi kweli, na Bi Doa akatembea kifua mbele.

Jambo moja tu lilimshinda. Dobi kabla hajafua hukagua mifuko, na mama mzee, ambaye macho yake bado ni ya tai, ndiye aliyebaki na kazi hiyo. Kila anachokikuta mfukoni hukitia kwenye bahasha ndogo, huandika namba ya mzigo juu yake, na huiweka kwenye kopo la biskuti. Bi Doa alimwambia mara ngapi kwamba fedha na vitambulisho virudishwe, lakini vijiti vya meno na peremende vitupwe. Mama alijibu kwamba akiba haiozi, na kwamba yeye hajui kijiti gani cha meno mwenyewe anakipenda. Makopo yalikuwa yamefika saba.

Alhamisi asubuhi, kabla hata hajavua viatu vya njiani, Bi Doa alifungua barua pepe za duka na kukuta moja iliyoandikwa kwa jina la msimamizi wa hoteli wanayoifulia vitambaa vya meza. Ilikuwa fupi. Kitambaa chenu kimerudi na doa kubwa kuliko kilivyoondoka. Tazameni picha, kisha mtuambie kama bado nyie ni madobi.

Aliyempa Bi Doa jina lile hakukosea. Mwanamke huyu aliwahi kuacha wali ukiungua jikoni ili amfuate mgeni wake sebuleni na kumuuliza hilo doa la begani ni mafuta au wino. Mtu angemwandikia kuhusu mirathi angesoma kesho. Lakini doa, tena doa lililorudi kutoka kwake! Aliibonyeza picha hapohapo. Haikufunguka. Akabonyeza tena, na tena, kwa hasira, kidole kikigonga kama anaua mdudu. Kompyuta ilinguruma kidogo, kioo kikawa cheusi, na maneno meupe yakatokea.

Mafaili yako yote yamefungwa. Lipa kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Usipolipa tutayafuta, na orodha ya wateja wako tutaiuza.

Chini yake palikuwa na kiasi wanachotaka, ambacho kingetosha kununua mashine mbili mpya za kufulia, na maelezo ya kukilipa kwa zile fedha za kwenye mtandao zisizo na noti.

Injinia alikuja mbio na povu la sabuni kwenye viwiko. Aliangalia kioo, akaangalia diski ya kutunzia nakala za mafaili, aliyoinunua mwenyewe, ile iliyokaa imechomekwa pembeni ya kompyuta usiku na mchana ili asisahau. Nayo ilikuwa imefungwa vilevile. Akakaa chini kwenye kapu la mashuka.

"Barua pepe je?" Bi Doa aliuliza. "Mkataba wa bima si uko kwenye barua pepe?"

"Barua pepe inafunguka humu tu, dada. Neno la siri liko humu. Na wameshalibadilisha."

Ndipo Bi Doa alipogeuka na kutazama nyuma. Nguo mia sita na kumi na nne zilikuwa zimetundikwa kwenye vyuma, safi, zimenyooka, kila moja na namba yake ukosini. Mizigo mia moja na arobaini na mitatu. Hakuna mtu aliyejua upi ni wa nani. Keshokutwa ni Jumamosi, siku wateja wote wanapokuja, na juu ya kaunta maandishi ya bluu yalikuwa palepale. Nguo ikipotea moja unaweza kuomba radhi. Zikipotea mia sita unafunga duka, na jina la mama yako unalifunga nalo.

"Tuwaache waingie kila mtu achague yake," alisema Injinia.

"Mashati meupe mia mbili! Atakayekuja wa kwanza atachagua mazuri, na wa mwisho atachagua kesi."

Simu ya Bwana Bima haikupatikana. Walijaribu tena, haikupatikana. Injinia alikumbuka majina ya kampuni mbili kati ya zile nne, wakazipigia. Zote mbili ziliwauliza namba ya mkataba, na walipokosa kuijua ziliwaambia wasubiri, watatafutiwa na watapigiwa. Saa nne ikapita, na saa tano nayo ikapita. Unajua kupigiwa kwenyewe kulivyo.

"Dada, mimi naona tulipe," alisema Injinia. "Yule rafiki yangu muuza simu anajua kuzinunua hizo fedha. Akiba ya familia inatosha. Tukifungua mafaili tutatafuta nyingine."

"Na wakichukua wasifungue?"

"Na tukikaa hivi, Jumamosi utawaambia nini watu?"

Bi Doa alimwambia aende akaulize tu, asitume kitu. Lakini alimwambia huku akimkabidhi kadi ya benki, na mtu akikupa kadi ya benki ukaulize tu, wote wawili mnajua mnachokifanya.

Mama mzee alikuwa akiendelea kukagua mifuko ya mzigo ulioingia jana, kama vile duka liko sawa. Sasa aliuliza, "Huyo Bwana Bima si alileta koti Jumanne?"

"Alileta, mama. Lakini koti halina simu."

"Koti halina. Mifuko ilikuwa na vitu."

Alivuta kopo la saba, akafunua kifuniko, akaanza kupitisha bahasha moja moja kwa kidole kilicholoweshwa ulimi. Bi Doa alitaka kumwambia aache, akajizuia. Mama alitoa bahasha yenye namba 388, akaikung'uta juu ya meza. Zikaanguka peremende mbili za mnanaa, kalamu, na kadi ngumu ya saizi ya kadi ya benki.

Kadi iliandikwa kwa chapa: Dharura za mtandao, piga saa yoyote. Chini yake namba ya simu. Bi Doa aliigeuza. Upande wa pili, kwa mwandiko wa mkono ulioharakishwa, palikuwa na namba ndefu ya mkataba na maneno haya: *Ya Bi Doa. Abandike ukutani, asiweke kwenye kompyuta.*

Alisoma mara mbili. Aibu ilimpanda, hata akasahau kwa sekunde kadhaa kwamba ana shida nyingine. Kisha akapiga.

Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyeshiba usingizi. Aliuliza namba ya mkataba, akaiona palepale. Aliuliza kioo kinasema nini, akasomewa. Akasema, "Sawa dada. Chomoeni waya wa intaneti, lakini msizime kompyuta wala msifute kitu. Wale watu msiwajibu. Na fedha je? Mmeshalipa chochote? Maana mkilipa bila sisi kukubali, mkataba hauwezi kuwasaidia kwa hizo."

"Subiri kidogo, dada yangu," alisema Bi Doa. Alichukua simu ya mama na kumpigia mdogo wake. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena.

"Niko hapa kwa rafiki," Injinia alipokea. "Tayari kila kitu, ndiyo anabonyeza..."

"Asibonyeze!"

"Nini?"

"Mwambie atoe kidole! Rudi dukani na kadi yangu!"

Alipiga kelele kiasi kwamba mteja aliyekuwa anaingia mlangoni alitoka. Upande wa pili Injinia akasema, taratibu, "Ametoa." Bi Doa aliirudia ile simu nyingine na kusema kwa heshima zote, "Hatujalipa."

Ijumaa asubuhi bima ilimleta mtaalamu, dada mmoja mwenye begi mgongoni na maneno machache. Alikaa mbele ya kompyuta kwa muda wa saa tatu, akakataa chai mara mbili. Alipomaliza alieleza mambo kama yalivyo. Msimamizi wa hoteli hakuandika ile barua, wezi waliiga jina lake. Mafaili yaliyofungwa hayatafunguka. Aliyewauzia programu ya dobi alikuwa na nakala ya wiki tatu zilizopita, na kwa hiyo orodha ya wateja itarudi. Lakini mizigo iliyoingia baada ya hapo, yaani yote iliyotundikwa, haimo.

"Na ile diski ya nakala," alisema, akimtazama Injinia, "siku nyingine ukimaliza uichomoe."

Injinia alitazama sakafu. Bi Doa yeye alikuwa na swali lake, na alikuwa amelilalia usiku mzima.

"Lile doa lilikuwa la nini?"

"Doa gani?"

"La kwenye picha."

Mtaalamu alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. "Dada, hakukuwa na doa. Hakukuwa na picha pia."

Utadhani angefurahi. Aliumia zaidi. Angejua kupambana na doa.

Mchana bima ikawaunganisha na mwanasheria, aliyeandika ujumbe wa kuwatumia wateja: majina na namba zenu za simu huenda zimeibwa, mtu akiwapigia kwa jina la duka hili kuomba fedha msimpe. Bi Doa angeachiwa mwenyewe angeandika samahani mistari ishirini. Mwanasheria aliandika mistari mitano, na ikatosha. Gharama za mtaalamu na mwanasheria zilikuwa za bima, na kipato cha siku ambazo duka halikupokea mizigo kilirudishwa baadaye. Sehemu ya kwanza ya gharama ilikuwa juu yake mwenyewe, ndivyo mkataba ulivyosema, na iliuma. Lakini iliuma kama sindano, si kama kisu.

Kitu kimoja bima haikuweza kukirudisha, nacho ni majina ya zile nguo. Hapo ndipo mama mzee alipovaa aproni yake ya zamani na kuhamia kaunta.

Jumamosi foleni ilianza mapema, na watu walikuja na hasira kwa sababu ya ule ujumbe. Mama aliweka kopo mbele yake. Kila aliyefika alimuuliza swali moja tu, "Mfukoni uliacha nini?"

Mwanzoni waliona kichekesho. Kisha wakaanza kukumbuka. Mwalimu alisema vipande vya chaki, vya kijani. Mama akatoa bahasha 402, Injinia akaenda kwenye vyuma, mzigo wa 402 ukatoka mzima, mashati sita na suruali tatu. Mzee mmoja alisema funguo ya kufuli ambalo hana tena, nayo ilikuwemo. Kijana mmoja aliyevaa kitanashati alinyooshea kidole suti ya kijivu na kusema ni yake, mfukoni hakuacha kitu.

"Hiyo ilikuwa na kitu," alisema mama.

"Basi labda hela."

"Anayefuata kwenye foleni, tafadhali," mama aliita, na kijana akaelewa akatoka. Baadaye alikuja mwanamke mwenye mtoto mkononi. Alisita, akainamia kaunta na kusema kwa sauti ndogo kwamba kwenye suti ya mume wake, ile ya kijivu, huenda kulikuwa na jino. La mtoto, la kwanza kung'oka. Walilitafuta nyumba nzima. Mama alifungua bahasha, akaliweka kwenye kiganja cha yule mtoto. Foleni iliyokuja na hasira ikainama kulitazama jino, na Bi Doa akageukia ukuta akajifanya anapanga henga za nguo.

Vitambaa vya hoteli vilijulikana kwa alama zake zilizoshonwa. Wasio na mifuko waliulizwa vifungo, au kiraka, au pindo lililoshonwa kwa uzi wa rangi gani, na anayejua nguo yake alijua. Saa sita mchana ilifika. Bi Doa na mdogo wake waliitazama saa ya ukutani, ikapita saa sita na dakika moja, saa sita na dakika tano. Mama aliuliza, "Nyie mnatazama nini? Leteni 319."

Jioni vyuma vilibaki na nguo ishirini na tatu. Bima ilisema mwenye kuthibitisha kwamba ni zake na zimekosekana atalipwa. Katika wiki iliyofuata wenyewe walikuja karibu wote, na hakuna aliyelipwa, kwa kuwa hakuna aliyekosa.

Jumatatu Bwana Bima alirudi kutoka safari, na habari alikuwa ameshazisikia kwa watu. Aliingia polepole, kama mtu anayeingia kwenye msiba asiojua ukubwa wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mfukoni uliacha nini?"

Alishangaa, akajibu, "Peremende mbili. Kalamu. Na kadi, nilikuwa nimemwandikia dada hapa."

Mama alikung'uta bahasha 388. Alimrudishia peremende zake mbili na kalamu. Kadi hakumpa.

"Hii si yako," alisema.

Bi Doa alikuwa amesimama pembeni na koti mkononi, limenyooka, halina hata kumbukumbu ya kunyanzi. Kwa siku nne alikuwa akijiandalia maneno ya kumwambia mtu huyu, na sasa lilibaki swali moja. Foleni nyuma ya Bwana Bima ilikuwa na watu wanane.

"Jumanne," alisema, "hili ndilo ulilotaka kuniambia?"

"Ndilo, dada. Ilikuwa dakika moja."

Mama mzee alimgeukia binti yake akamnyooshea kadi, kama alivyowanyooshea wenye nguo wote Jumamosi ile.

"Chukua chako," alisema. "Kililetwa Jumanne, ukakataa kukipokea."

Bi Doa alikichukua. Akakata utepe wa gundi kwa meno, akakibandika ukutani chini ya maandishi ya bluu, kisha akavuta kiti na kumwambia Bwana Bima akae, amweleze mkataba wote tangu mwanzo, na foleni isubiri.